Barua Kumi na Moja

Siku ya kwanza Muhanna alimwamkia shikamoo,
alivyofunzwa na bibi yake kule Wete,
mikono mbele, kichwa kimeinama kidogo.
Ustadhi Wajdi akasikia tusi.
Hatukuwa na Kiarabu cha kumweleza
kwamba heshima kubwa kuliko hiyo hatuna.
Akakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani,
wa kijani,
akampiga sita za kiganja,
na sisi tulioketi hemani, Ibra, mwaka wa sabini na nne,
tukamhesabia kimoyomoyo, moja, mbili, tatu,
kwa lugha ileile iliyomponza.

Mpira ukapata msumari wake kwenye nguzo ya hema.
Neno moja la Kiswahili, fimbo moja.
Ghalib alipigwa kwa kusema "aa-aa."
Zahor alipigwa kwa ndoto:
alisinzia darasani, akamwita mamake.
Watoto wa mji walicheka, wakatuita Wazinjibari,
na babu zetu na babu zao wamelala mava mamoja.

Gari la Mbaluchi lilileta posta kila Jumanne
dukani kwa mjomba wangu.
Mjomba hakujua kusoma. Mpangaji wa barua nilikuwa mimi.
Za ustadhi zilikuwa za samawati, stempu ya Misri,
mwandiko wa kike, umelala kama majani yaliyopigwa na upepo.
Ya kwanza niliitia ndani ya kanzu, ikanichoma tumbo hadi jioni.
"Sita," akasema Muhanna. "Moja kwa kila fimbo.
Mtu akidai chake hana dhambi."
Tukazitia katika kopo la maziwa ya unga,
tukalizika mitendeni, mbali na maji ya falaji.

Sita zilitimia mwezi wa Rajabu.
Ikaja ya saba.
Hakuna aliyesema tuiache ipite.

Ustadhi akapungua.
Mpira ukakaa msumarini, ukashika vumbi.
Jumanne alitoka nje katikati ya somo
akaitazama barabara, chaki ikimvunjikia mkononi,
nasi ndani tukazungumza Kiswahili kwa sauti, tukacheka,
na hakurudi kutupiga,
na hilo tuliliona tamu.

Kisha siku moja akanifuata mlangoni pa duka,
mtu mzima, kola imemlika shingo kwa jasho,
akainama usawa wangu, akasema polepole,
kama anayekanyaga kaa la moto:
"Barua... hapana?"

Neno letu. Aliliokota wapi sijui,
labda katika daftari lake la makosa yetu.
Nami nikamjibu kwa Kiarabu cha vitabuni,
fatha mahali pake, dhamma mahali pake,
kwamba hakuna, ewe ustadhi, hakuna kilichofika.
Sikukosea irabu hata moja.
Akanipapasa kichwa.
"Ahsanta," akasema. "Ahsanta."

Aliondoka kabla tende hazijaiva, nyuma ya gari la Mbaluchi,
sanduku lake limefungwa kwa kamba,
na kamba haikutosha, kwa hiyo aliongeza ule mpira.

Mwaka jana, wakichimba msingi wa nyumba ya mwanangu,
katapila likalifukua kopo.
Kumi zilikuwa tope. Moja nikaweza kuifungua.
Haikuwa na maneno.
Kiganja cha mtoto kilichozungushiwa penseli,
kidole gumba kimepindika,
mtoto alitikisika pengine, au alicheka.

Nilimpelekea Muhanna barazani kwake.
Aliitazama muda mrefu, bila ya kuigusa.
"Sita zilikuwa zetu," akasema. "Hizo tano..."
Akachukua kikombe cha kahawa, akakitikisa,
kama mtu aliyekwisha kutosheka,
nami nilikuwa bado sijammiminia.